Mdogo Wangu Anasomea Usalama

Niliondoka nyumbani Handeni asubuhi ya Jumanne, begi moja begani, bila kujua naelekea wapi. Hilo halikuwa jambo geni. Nimeondoka hivyo mara nyingi kiasi kwamba mama akiniona nafunga kamba za viatu kabla ya chai haniulizi tena naenda wapi. Huuliza tu kama nimechukua sweta. Geni lilikuwa kwamba safari hii nilikuwa namkimbia mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa mezani sebuleni, mgongo kwangu, amevaa kitenge cha mama, akifunua karatasi zake moja baada ya nyingine kama anayetafuta punje kwenye makapi.

"Kaka, unatoka?" aliuliza bila kugeuka.

"Nanyoosha miguu."

"Ukipita dukani niletee kalamu. Hii imeisha wino kwa kuandika neno moja."

Neno lenyewe lilikuwa "salama". Nililijua vizuri kuliko alivyodhani, kwa sababu mimi ndiye niliyelipanda. Nikaurudisha mlango polepole, nikapita nyuma ya soko, na barabarani nikapata pikapu iliyobeba kreti tupu za soda kwenda Korogwe. Dereva hakuniuliza nashukia wapi, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Nikapanda nyuma. Kreti ziligongana njia nzima, na katika kelele hizo nilikuwa na muda wa kutosha kujikumbusha jinsi jambo hili lilivyoanza.

Mdogo wangu ni wa kike, nimempita miaka mitano. Anasoma shahada ya uzamili nje ya nchi, na anachosomea kinaitwa usalama wa kimataifa. Kwa nini nchi hupigana, kwa nini mara nyingine huacha kupigana zikiwa bado zinachukiana, nani anauza silaha kwa nani, mikataba inaandikwaje na inavunjwaje. Mambo hayohayo niliyokuwa nikiyasikiliza redioni tangu utotoni, sikio likiwa limegusa spika, huku yeye akicheza rede uani. Yeye alikuwa hajali hata vita viko upande gani wa dunia. Mimi nilikuwa najua majina ya miji mikuu.

Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningekuwa napumua vizuri. Sina. Hakuna aliyeninyima shule. Ada yangu ililipwa, sare nilikuwa nayo, na mwalimu wa jiografia alinipenda. Nilikuwa kidato cha pili siku lori la kuchimba visima lilipopita mbele ya shule na mabomba yake marefu, nikataka kuona maji yanavyotoka kwenye mwamba. Nikaenda kuona. Baada ya hapo nikataka kuona mbao zinavyopasuliwa, kisha mkonge unavyochakatwa, kisha mbuzi wanavyouzwa kwa ishara za vidole kwenye mnada. Nilipokumbuka kurudi, madawati yalikuwa na watu wengine. Mdogo wangu alibaki amekaa kwenye dawati lake mpaka lile dawati likampeleka Ulaya.

Alipokuja nyumbani mwezi ule, alikuja na sanduku la magurudumu ambayo hayakuweza kubingirika kwenye mchanga wa uani kwetu, ikabidi nilibebe mimi. Lilikuwa zito kwa vitabu. Mama alimpa kiti kinachotazama mlango, kile alichokuwa akikalia baba alipokuwa hai, na ambacho mimi sijawahi kuambiwa nikikalie ingawa ndiye mkubwa. Niliona gere mpaka chai ikawa haina sukari mdomoni.

Alikuja kwa wiki tatu, kwa kazi maalumu. Ili amalize shahada alitakiwa kuandika kitabu cha utafiti wake, na mada aliyopewa kibali ilikuwa hii: vijiji vyenye wakulima na wafugaji hufanyaje ili ugomvi usifike kwenye damu, kabla serikali haijaitwa. Mwalimu wake alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi kupeleka majibu ya watu. Bila majibu hakuna kitabu, na bila kitabu ufadhili unakatika, anarudi nyumbani mikono mitupu. Alituambia hayo siku ya kwanza, akicheka kidogo, kama mtu anayeeleza kina cha maji kabla ya kuvuka.

Akienda kuoga, nilikuwa nafungua vitabu vyake. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nikipewa muda naelewa. Kulikuwa na sura moja iliyonishika. Ilisema kwamba nchi moja ikijiwekea silaha kwa woga tu, jirani huziona silaha hizo na kuogopa, naye akajiwekea zake, na yule wa kwanza akaona kumbe alikuwa na haki ya kuogopa. Hakuna aliyetaka vita, na wote wanavielekea. Nilikaa na kitabu magotini nikimfikiria jirani yetu, ambaye kila msimu wa mvua alikuwa akisogeza ua wake wa minyaa hatua moja kuingia kwetu, kwa sababu aliamini sisi tunasogea kwake. Nikamweleza mdogo wangu nilivyoelewa, pamoja na mfano wa minyaa.

Alikichukua kitabu chake. Kisha akasema, kwa upendo, na hilo ndilo baya lake, "Kaka, wewe ungefika mbali sana."

Ungefika. Katikati ya neno hilo kuna nge, na aliniuma papo hapo. Angesema "umekosea" ningebishana naye. Alisema ningefika, maana yake sikufika, na kwamba jambo hilo limekwisha na sasa linaweza kusemwa kwa upole.

Mama naye alikuwa anaitangaza habari. Kila aliyepita alishikwa mkono. "Mwanangu kaja. Anasomea usalama." Lile la kimataifa lilikuwa refu, akaliacha. Na kwetu hakuna asiyejua mtu wa usalama ni nani. Ni yule anayekaa na watu bila kujulikana, anasikiliza, anaandika, na anachoandika kinafika mbali. Majirani walianza kumwamkia mdogo wangu kwa kuinama. Muuza mkaa alimpunguzia mama bei bila kuombwa. Na siku ya nne, asubuhi, tukamkuta yule jirani mwenye minyaa anaing'oa mwenyewe na kuirudisha nyuma, hatua mbili, jasho linamtiririka.

"Nilikosea vipimo, mama," alisema. "Mwambie binti nilikosea vipimo tu."

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nilipofanya nililofanya, nilikuwa nimekwishaona kwa macho yangu neno lile linafanya nini.

Kijiji alichokihitaji kilikuwa upande wa Kwedizinga, na nyumbani kwetu anayepafahamu Kwedizinga ni mimi. Nilikaa huko misimu miwili, nikilima kibarua na kulala kwa mzee mmoja mkulima ambaye alinichukua kama mtoto wa nduguye. Huko ndiko nilikojifunza habari ya bua.

Ng'ombe wa wafugaji akiingia shambani na kuvunja mahindi, mwenye shamba hamfungi ng'ombe, wala haendi kwa mtendaji. Anachukua bua moja lililovunjika, analipeleka kwenye boma la mfugaji kabla jua halijachomoza, analilaza mlangoni, anakaa chini, anasubiri. Hasemi. Mfugaji akitoka akaliokota, akalivunja katikati na kumrudishia kipande kimoja, maana yake amekubali kuna jambo, na mazungumzo yanaanza siku hiyohiyo. Akiliruka bila kuliokota, basi hapo ndipo serikali inapoitwa. Mwaka mmoja shamba la yule mzee lilikanyagwa, naye goti lilikuwa linamsumbua, akanituma mimi. Nililibeba bua lile gizagiza la alfajiri, nikakaa mlangoni mwa watu waliokuwa na mikuki. Mzee wa boma alitoka, akalitazama, akanitazama, akalivunja. Kisha nikaletewa maziwa.

Hicho ndicho mdogo wangu alichokuwa amekivukia bahari kukitafuta. Alikuwa akisema mezani, "Ningepata mfano mmoja tu, kaka, kitu kimoja wanachokifanya wenyewe," nami nilikuwa natafuna ugali wa bada na mlenda, natazama sahani. Sikumwambia. Niliona kwamba nimelipata bua lile kwa miguu yangu, na kwamba akilichukua litakuwa lake, litavaa joho na kofia, na mimi nitabaki kuwa yule aliyembebea sanduku.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Alikuwa na barua za mkoa, za wilaya na za kata, zote zina mihuri. Alivaa suruali na viatu vya kufunga. Yule mzee alitupokea vizuri, akatandika mkeka, akaagiza tupasuliwe fenesi. Mdogo wangu alipokwenda kunawa mikono, mzee alinisogelea, akaniita kama wanaume wa kwetu wanavyoitana.

"Mgosi, huyu ni mdogo wako wa damu?"

"Wa damu, mzee. Tumbo moja."

"Na huko aliko anasomea nini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Ningesema anasomea amani. Ningesema ni mwanafunzi, anataka kujua mnavyopatana. Hata ningesema sijui. Nilimtazama mdogo wangu pale kwenye ndoo, watoto wawili wa kike wamemshikia kanga ya kufutia mikono, wanamtazama viatu, na katika nyumba ile ile ambako mimi nilinawa misimu miwili kwa kata ya kifuu hakuna aliyewahi kunishikia kitu.

"Usalama," nikasema.

Mzee alisubiri niongeze neno. Sikuongeza.

"Ahaa," akasema, na akaanza kuongea habari za mvua.

Kabla ya adhuhuri kitongoji kizima kilikuwa kimefungwa kama duka. Watu hawakukimbia, walikuja, tena wamevaa vizuri. Mdogo wangu alimuuliza wa kwanza kama huwa kuna ugomvi wa malisho. "Hapa ni salama tu, mheshimiwa." Wa pili, je, ng'ombe wakiingia shambani? "Hawaingii. Ni salama tu." Bibi mmoja aliyekuwa akipika pombe ya miwa alisikika akiumwagia moto majivu jikoni, kisha akaja kukaa mbele ya fomu, mikono imekunjwa, akajibu "salama" kabla hajaulizwa. Na ilipofika fomu ya ridhaa, ile ya kuweka sahihi kwamba umekubali kuhojiwa kwa hiari, ndipo walipothibitisha. Kwao anayekusainisha kabla hujaongea anakuandikisha maelezo. Aliyeongea ni mtu mmoja tu, aliyemvuta mdogo wangu pembeni na kumnong'oneza kwamba ana orodha ya majirani zake wanaolima bangi, angependa kuitoa kwa siri.

Mdogo wangu alikataa orodha ile na akawa mweupe midomo. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alidhani suruali ndiyo inayomfanya aonekane mtu wa serikali. Akaazima kitenge cha mama. Akadhani ni viatu, akavaa kandambili. Akafunga kitambaa kichwani, akaacha kompyuta nyumbani, akaketi chini, akamenya mihogo na wanawake. Siku tisa. Nilimpeleka na kumrudisha, na njiani alikuwa akiniuliza, "Kaka, wewe unawajua, nimekosea wapi?" nami nilikuwa nikisema watu wa kule wana aibu na wageni.

Jumatatu, kwenye chakula cha jioni, alisema ataandika barua kwa mwalimu wake kwamba mada imeshindikana. Alisema kwa sauti ya kawaida. Mama aliuliza maana yake nini. "Maana yake nitarudi nyumbani, mama. Nitatafuta kazi hapahapa." Mama akasema si vibaya, Mungu hutoa. Na mimi, nikiwa na tonge mkononi, nilisikia kitu kikitulia kifuani mwangu, kitu kama raha. Tutakuwa sawa. Hiyo ndiyo raha yenyewe ilivyosema. Sikuipenda sauti yake, na sikuweza kuinyamazisha, na kulipokucha nikafunga viatu.

Pikapu ilinishusha Korogwe. Pale stendi nilinunua machungwa mawili, nikayala nimesimama, na nikaingia kwenye gari la kwanza lililokuwa limewashwa injini. Lilikuwa linakwenda Mashewa. Mashewa nilikuwa sijafika, na kwangu hiyo imekuwa sababu ya kutosha siku zote.

Nilikaa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekumbatia bunda la mashuka mapya. Bonde lilifunguka, mpunga chini, milima ya Usambara imesimama juu yake na mawingu yake, na mimi nikiwa mahali pageni mdomo haukai. Nilimuuliza mpunga huu unavunwa lini. Nilimuuliza wa mlimani na wa bondeni nani alitangulia kufika. Alijibu vizuri, akacheka hata. Kisha nikauliza, "Na maji haya, mama, wa juu na wa chini mnagawanaje? Hakuna ugomvi?"

Alinitazama viatu. Akalitazama begi langu.

"Hapa ni salama tu, baba," akasema, na akageukia dirishani.

Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu asiyenijua. Hatukuongea tena mpaka Mashewa.

Niliposhuka nikaulizia gesti, nikaelekezwa nyumba ya bati la bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Mlangoni, akifungua lile bunda la mashuka, alikuwa yule yule mama.

"Nafasi ipo," alisema. "Lakini kwanza nikuulize. Wewe ni mtu wa usalama?"

"Hapana, mama."

"Mbona unauliza kama wao?"

"Wao huuliza hivi?"

"Sijui. Sijawahi kumwona hata mmoja. Lakini ndivyo wangeuliza."

Nikacheka, naye akacheka, na labda kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na kwa kuwa hanijui, nikamweleza. Nilianza kwa kusema nina mdogo wangu anasoma jinsi watu wenye sababu ya kupigana wanavyofanya wasipigane. Nilisimama hapo, nikajisikiliza. Ilikuwa sentensi moja. Ilikuwa imekaa mdomoni siku zote zile, tayari kabisa. Kisha nikamweleza yaliyobaki.

"Kumbe ni jambo zuri," alisema. Alikuwa anakunja foronya. "Sasa hao watu wa kule ndio uliwaambia ni mtu wa usalama?"

"Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia anasomea usalama. Ni kweli anasomea."

"Na ulijua watasikia nini."

"Nilijua."

"Basi uliwaambia hivyo."

Alinipa daftari la wageni nijaze, akaingia ndani na mashuka yake. Sikujaza. Nilikaa kwenye ngazi, nikampigia yule mzee wa Kwedizinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mgosi. Mbona leo hamjaja?"

Nikamwambia. Sikuzunguka, kwa sababu nikizunguka huwa sirudi. Nilisema mdogo wangu ni mwanafunzi tu, hana mkubwa anayempelekea majina, na kwamba neno lile nililiacha fupi kwa makusudi. Aliuliza kwa nini. Nikasema nilimwonea wivu. Ni neno dogo ukilisema kwa sauti. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akipepeta.

"Mgosi," alisema, "mimi siku ile nilikuuliza mara moja tu. Mtu mwingine ningemuuliza mara tatu."

Nikalifunga daftari la wageni magotini, naye akaendelea.

"Aje Ijumaa baada ya swala. Nitawaita na wa bomani. Lakini aje peke yake. Wewe kaa huko huko uliko kwanza, watu wasahau sura yako."

"Nimeelewa, mzee."

"Na ile habari ya bua, ataniuliza. Nimweleze mimi, au utamweleza wewe? Wewe ndiye uliyelibeba."

Nilitaka kusema amweleze yeye. Ingekuwa rahisi zaidi. Nilisema nitamweleza mimi, nikakata simu kabla sijabadilika, nikampigia mdogo wangu.

"Kaka! Kalamu iko wapi?"

Nilimwambia yote kwa mpangilio ule ule niliompa mzee, nikaongeza kwamba Ijumaa anasubiriwa peke yake na kwamba kuna habari nyingine nitamweleza.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nimevaa kitenge cha mama, kaka. Nimejifunza kumenya mihogo."

"Najua."

"Nilidhani mimi ndiye nimekuwa mgeni kwetu."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya, na hakikuwa kile nilichodhani nimefanya. Niliomba radhi. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alisema, "Ijumaa nitakwenda," kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kavu, ya kazini, "Na hiyo habari nyingine uliyosema utanieleza ni ipi?"

"Ni kitu wanachokifanya wenyewe. Mfano mmoja."

Nikasikia kiti kikiburutwa, droo ikifunguliwa na mama akiulizwa penseli.

"Kabla hujaanza," alisema. "Unakubali kuhojiwa kwa hiari yako?"

"Unanitania."

"Sikutanii. Ni lazima."

"Nakubali."

"Unaweza kuacha wakati wowote unaotaka."

"Nimeacha vingi. Hiki nitamaliza."

Hakucheka. "Jina lako halitaandikwa popote."

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Bua lile, alfajiri ile, maziwa yale. Vyote vitaingia kitabuni, vitavuka bahari, na mahali pa jina langu patakuwa na namba. Ule wivu wote niliodhani nimeuacha kwenye simu ya mzee ulikuwa bado upo, umekaa vizuri, umekunja miguu.

"Sawa," nikasema.

"Umri?" Nikamtajia. "Elimu?"

"Unaijua."

"Lazima useme wewe."

"Kidato cha pili. Sikumaliza."

Nilisikia penseli ikiandika. "Kazi?"

"Ruka."

Akaruka. Kisha akasema, taratibu zaidi, "Haya, kaka. Anza mwanzo. Ilikuwa saa ngapi, na ulilishikaje?"

Nikaanza mwanzo. Nilimweleza urefu wa bua na upande ulioshikwa, umande kwenye majani, mbwa wa boma waliobweka kisha wakanyamaza, jinsi mzee wa boma alivyolivunja kwa goti, si kwa mikono. Alinikatiza mara nyingi. Aliuliza mambo ambayo mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuwahi kujiuliza: nani alinifundisha nisiseme, na kile kipande nilichorudishiwa nilikipeleka wapi. Nilikuwa nimekitupa njiani. Aliguna, akaandika. Nilikiri moyoni kwamba anaijua kazi yake, na halikuwa jambo la kunifurahisha.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeegemea mlima. Mama wa gesti alitoka na ufunguo wenye kipande cha mti na ndoo ya maji ya kuoga.

"Chumba namba tatu. Daftari umejaza?"

Lilikuwa bado magotini. Jina, kabila, utokako, uendako, kazi, sahihi. Kwenye madaftari ya namna hii nimeandika uongo kote nilikopita. Nimekuwa fundi, mfanyabiashara, mwalimu. Safari hii nilianza na jina. Niliandika yote matatu, langu, la baba na la babu, kwa herufi kubwa, nikikandamiza kalamu, mpaka yakajaa safu yake, yakavuka mstari, yakala safu ya kabila na nusu ya utokako. Kwenye kazi nikaacha wazi.

Alilichukua, akaligeuza upande wa mwanga.

"Baba wewe," alisema, "umeniharibia daftari."

Akanipa ufunguo.